Meli Haikugeuka

Dada yangu wa mbali,

Huku tunajikongoja. Mama ameanza kula kidogo, na paa la jikoni halivuji tena.

Kazini bado tunakadiria samaki kwa sauti. Tumefunga vyombo kwenye meli za wavuvi: vinatuma mlio chini ya maji, vinapokea mwangwi, na kuandika njia ambayo meli imepita. Juzi nilipewa rekodi za meli ya mjomba. Samaki wamepungua karibu nusu.

Nikaifikia siku ambayo mdogo wetu alianguka baharini kutoka meli hiyo. Unakumbuka mjomba alivyoapa msibani kwamba walizunguka palepale kwa saa tatu wakimtafuta? Dada, meli haikugeuka. Ilifuata kundi la samaki moja kwa moja, mwendo uleule, mpaka wavu ukajaa.

Nilimfuata bandarini. Hakubisha.

"Mkondo ulikuwa mkali, mwanangu, asingepona," alisema. "Na samaki wale tungewapata wapi tena? Maji yakishamwagika hayazoleki. Mama yenu asijue."

"Ungegeuka tu, mjomba," nikamwambia. "Hata kama ungemkuta maiti."

Akalia. Nikamwacha akilia.

Leo asubuhi nimepeleka rekodi polisi. Mama bado hajui. Kila siku anamwombea kaka yake heri, kwa vile alihangaika kumtafuta mwanawe. Nimejaribu mara mbili kumwambia, nikaishia kumuuliza kama amekunywa dawa.

Njoo, dada. Hili siliwezi peke yangu.

Ni mimi, mdogo wako aliyebaki.