Kidonge cha saa nane

Jumatano, Ramadhani

Tena nisimlaumu mtu. Jana nilianguka kwa ukaidi wangu mwenyewe.

Daktari alishaniambia: saratani ya titi imepanda mpaka kichwani, fangasi nao wameingia humo humo, na kitezi kidogo kilicho chini ya ubongo kimekufa. Ndicho kilichokuwa kinauamuru mwili upate nguvu. Sasa nguvu zangu ni vidonge, asubuhi na saa nane mchana, maisha yote.

Mimi nikafunga. Kidonge cha mchana nikakifunga kwenye pindo la kanga, nije kukimeza magharibi. Alasiri nikadondoka mlangoni, hata jina langu silikumbuki. Mwanangu Zuhura na jirani yetu Konsolata wakanikimbiza hospitali.

Leo nimerudi nyumbani, Konsolata kaja na uji, kanisimamia kama askari.

"Kunywa, Mama Zuhura. Ukifa hivi, Mungu atakuuliza nani kakutuma."

"Wewe Mkristo ndio unifundishe saumu?"

"Nakufundisha kumeza."

Nikacheka, nikameza kidonge kwa uji. Lakini nilimezea nyuma ya jiko, uso ukutani, kwa aibu. Mimi niliyekuwa nikiwafukuza watu barazani kwa kutafuna muwa mchana.

Shekhe kasema mgonjwa wa namna yangu hafungi, alishe maskini. Basi nitalisha.

Naogopa kufa, sitajidanganya. Zuhura bado ananihitaji, na mimi bado...

Kesho saa nane nakaa barazani na uji wangu. Anayetaka kuuliza aulize, nitamjibu kikombe kikiwa mkononi.