Ngozi ya Paja Inamkunja Mume Wangu Mkono

Shangazi mpendwa, nisaidie kabla sijaingia wazimu, maana mume wangu ni dereva wa lori na rejeta ilimfokea maji ya moto akaungua mkono, hospitali wakamchuna ngozi nyembamba pajani wakambandika kiwikoni kwa ndani, na Shangazi, ilishika! ngozi ya paja ikaota mkononi kama imezaliwa pale, nililia kwa furaha, lakini sasa inajikunyata, inavuta, kiwiko hakinyooki na usukani haushikiki, na mimi ni fundi cherehani, najua kitambaa kisichorowekwa kabla ya kukatwa hurudi kikawa kifupi, kwa hiyo nilimvaa daktari mbele za watu nikamwambia kiraka umekata kidogo, na kile kibao cha plastiki walichompa cha kunyoosha mkono nakivua kila akigumia, namkunjia mkono juu ya mto ndipo anapata usingizi, sasa wanataka arudi hospitali na yeye hataki, wifi naye anasema ngozi imemkataa, je, nimwache apumzike?

Fundi Cherehani

Mwanangu, pole sana, kisha kaa nikuseme. Wewe na cherehani yako! Ngozi si kitambaa. Nilimuuliza daktari wa majeraha ninayemfahamu, nikabaki mdomo wazi. Kumbe chini ya kile kiraka kuna chembe hai, ndogo hata hazionekani kwa macho, kazi yao kushikana na kuvuta kingo za kidonda zikutane. Hakuna anayezituma! Ndizo zilizofunga vidonda vyako tangu utoto, nawe hukuwahi kusema ahsante. Ajabu ya Mungu hii. Ila hazijui kuacha: kidonda kimefunga, zenyewe zinavuta tu, miezi na miezi, na ngozi nyembamba haina ubavu wa kuzizuia. Wifi akome, ngozi haijamkataa mtu.

Sasa wewe ukimkunjia mkono unazirahisishia kazi, zinakaza pale pale ulipomlaza. Huruma yako ndiyo inayomlemaza, sikufichi.

Mrudishe kesho, atake asitake. Kibao kivaliwe kama walivyoelekeza, kovu lipakwe mafuta na kukandwa, kiwiko kinyooshwe taratibu kila siku, na wakimpa soksi ya kubana mkono, waipime wao, usijitie kuishona. Mkichelewa ngozi ikakakamaa, itabidi ifunguliwe kwa kisu na kuwekwa ngozi nyingine. Daktari naye umwombe radhi, mbele za watu vilevile.

Mumeo akigumia usiku, mpepee, mwimbie, lia naye ukitaka. Mkono usiukunje.