Ndani ya Urefu wa Mpini

Jumatatu, 3 Machi

Msimamo umebandikwa! Mimi ni wa sita. Wa sita! Nimesoma, nikasogea pembeni, nikarudi kusoma tena kama mzazi mbele ya matokeo ya mtihani wa mwanawe.

Timu ya wanawake ya klabu, itakayokwenda kushindana na klabu nyingine, ni watu sita. Watano wa juu wanaingia moja kwa moja. Wa mwisho anachaguliwa na Nahodha, na tangu nianze gofu Nahodha huchukua aliyeshika nafasi ya sita. Hakuna aliyewahi kuuliza. Mwaka huu ndipo wamepata maswali!

Nilikuwa bado niko pale ubaoni nikasikia nyuma yangu: "Na Mzinga je?"

Mzinga ni dada yangu. Tumbo moja. Amekuwa wa kumi na nne. Mwaka mzima hajafanya la maana katika shindano hata moja, lakini picha yake bado imejaa ukuta wa mapokezi, fimbo juu ya bega, meno yote nje. Mwenzake akajibu kuwa timu bila Mzinga si timu, ni upepo mbaya tu huo, utapita. Upepo gani unaovuma mwaka mzima na kumpiga mtu mmoja?

Kisha wakaniona. "Aa, mdogo wake Mzinga! Hongera, umejitahidi."

Nimejitahidi!

Jumatano, 5 Machi

Nimeharibu lenzi mbili leo. Kuchonga miwani kunataka mkono uliotulia, na wangu ulikuwa unagombana na watu ambao hata hawapo. Bosi hakunikaripia. Afadhali angenikaripia. Alivuta kiti, akauliza kama Mzinga atacheza. Bosi hajashika fimbo ya gofu tangu azaliwe, anamjua Dada kwa tangazo la dawa ya meno. Nikamwambia wa sita ni mimi. "Vizuri sana," akasema. Kisha akauliza tena kama Mzinga atacheza.

Jioni kapiga Mama. Akazunguka kwanza na mgongo wake, kisha na bati linalovuja, ndipo akafika alikokuwa anakwenda. Mpishe dadako, mwanangu. Wewe bado una miaka mbele. Miaka mbele! Nina arobaini na moja. Nikamwambia, Mama, hii si zamu ya kuoga, nafasi hii nimeitolea jasho. Akasema ya gofu hayajui, ila ya watoto wake anayajua: mmoja anaumia na mwingine anagomba.

Mkubwa ni jalala, wanasema. Kwetu jalala ni mimi.

Ijumaa, 7 Machi

Nahodha kaniita ofisini kwake. Chai mezani, tabasamu, "mwanangu" kila sentensi. Mzinga ana uzoefu. Wapinzani wakisikia jina lake tu wanapata homa. Na yale mashindano ni ya mtu kwa mtu, kuhesabu mashimo, si ya kujumlisha mapigo, kwa hiyo hii mikosi yake ya mwaka huu haina maana sana. Nimsaidie kuamua.

Kusaidia kuamua maana yake nijitoe mwenyewe, halafu nishukuriwe kwa moyo mkubwa. Nikasema sijitoi. Chai sikuimaliza.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeona kitu, na sijui nikiweke wapi.

Nilifika mapema kuliko watu. Kule nyuma ya banda la mashine za majani kuna kiwanja kidogo cha mazoezi chenye mashimo mawili matatu. Dada alikuwa peke yake, amenipa mgongo. Mipira mitatu karibu kabisa na shimo, pale ambapo mtoto angeisukuma kwa kidole cha mguu. Akainama. Mkono wa kulia ukaruka — ghafla, kama umeguswa na pasi ya moto. Mpira ukapita pembeni. Wa pili vilevile. Wa tatu hakuupiga. Alisimama juu yake muda mrefu, kisha akauokota na kuutia mfukoni.

Nikarudi kinyumenyume hadi kwenye gari. Nikafunga mlango kwa kishindo, nikaja upya nikiimba. Akageuka. "Leo umewahi!" akasema, na lile tabasamu la dawa ya meno.

Kumbe si upepo. Si mikosi. Yale mapigo marefu anayoitiwa Mzinga bado anayo yote. Ni huu mpira mfupi! Kwenye mashindano ya kujumlisha mapigo lazima kila mpira uingie shimoni, na hapo ndipo anapomalizikia. Lakini huku klabuni, mtu kwa mtu, nani aliwahi kumwacha Mzinga amalize mpira mfupi? Ukilala ndani ya urefu wa mpini wa fimbo, mpinzani anasema "okota," unahesabiwa umeingia, mnaendelea. Ndiyo adabu yetu. Kwangu mimi adabu hiyo husahaulika mara mojamoja. Kwake "okota" inatoka mpira haujasimama!

Mwaka mzima wamemfunika kwa heshima hadi hawamwoni. Mcheza kwao hutunzwa, sawa. Lakini wanakompeleka si kwao. Kule nani atamwambia okota?

Nina hasira nao, si naye. Hapana, naye pia. Kwa nini hakuniambia mimi?

Jumapili, 9 Machi

Nahodha kapata hekima! Jumamosi ijayo tucheze sisi wawili, mtu na dada yake, mashimo kumi na nane. Mshindi anaingia kwenye timu. Tukitoka sare, anaamua yeye. Katangaza mbele ya watu wote, na watu wakapiga makofi kama kwenye harusi. Maharusi hawakuulizwa.

Mume wangu kasema nimwachie dada ashinde ili nyumba ipate amani. Leo kajipikia.

Jumatano, 12 Machi

Nimefikiria kumwambia Nahodha nilichokiona. Halafu? Watasema ni wivu. Na wivu ninao, sikatai! Ninao tangu tukiwa wadogo. Lakini si wivu wangu unaourusha mkono wake.

Nilimpigia Dada nimuulize. Tukazungumza habari za bati la Mama hadi salio likaisha.

Jumamosi, 15 Machi

Niandike polepole, nisiruke kitu.

Watu walijaa kama fainali. Mwenye kipaza sauti: "Mzingaaa!" — makofi, miluzi — "na mdogo wake!" Nina jina. Limo hata kwenye ule msimamo waliobandika wenyewe!

Dada alikuwa anapiga, mtu unasikia kifuani. Mpira unapotea juu, watu wanashusha pumzi. Mimi na vimpira vyangu vya nyumbani, huku kidogo, huku kidogo, lakini vinafika. Shimo hili kwake, lile kwangu. Na mimi mjinga! Mara ya kwanza mpira wake ulipolala karibu, mdomo wangu ukafunguka wenyewe: "Okota." Nikajisikia. Nikajilaani. Shimo lililofuata, tena: "Okota." Wiki nzima nimewachamba watu wote humu kwa jambo hilohilo, na lilivyo ulimini mwangu halikungoja ruhusa. Kila nikisema, mabega yake yanashuka. Wengine wanadhani ni ukubwa huo, hajali. Mimi najua ni ahueni.

Pamoja na hayo tumefika shimo la mwisho mimi niko mbele kwa shimo moja. Nikamaliza kwa mapigo matano. Mpira wake, kwa pigo la tatu, ukabingirika, ukabingirika, ukalala pale karibu na shimo. Ndani ya mpini. Wala hakuna wa kupima. Ukiingia, amemaliza kwa manne, shimo ni lake, tumetoka sare — na sare anaamua Nahodha, na Nahodha ameshaamua tangu Januari. Ukikosa, nafasi ni yangu.

Watu wote wakanigeukia kungoja lile neno. Wengine walishaanza kukusanya miavuli. Dada hakunitazama. Alikuwa anautazama mpira kama mtu anayetazama mbwa asiyemjua.

Nikafungua mdomo. Naapa sijui nilitaka kusema nini.

King'ora! Radi ilikuwa imeshapiga upande wa mtoni. Sheria ni sheria, wote nje ya uwanja. Dada akaweka sarafu nyuma ya mpira, akauokota, tukakimbia. Mvua haikukatika. Mchezo utamaliziwa kesho saa tatu asubuhi, kutoka pale pale kwenye sarafu.

Barazani, maji yanatuchuruzika, Nahodha akacheka. "Sema tu okota sasa hivi, mwanangu. Sheria inaruhusu, hata hapa tulipo. Tusisumbuane kesho kwa mpira kama ule." Na wote wakacheka.

Nikasema nafikiria.

Kicheko kikafa. Unafikiria? Mpira ule? Kwa Mzinga? Mmoja akasema dunia imekwisha, mtu na dada yake! Mwingine akasema roho mbaya haijengi, na hakupunguza sauti. Watu ambao mwaka mzima hawajamtazama mkono hata mara moja, leo wananifundisha mimi kumpenda!

Dada alikuwa anakamua soksi zake.

Jumapili, 16 Machi

Niko chumba cha kubadilishia nguo. Saa tatu kasoro. Naandikia kwenye goti.

Mama kapiga alfajiri, wameshamfikishia habari. Kanena maneno machache tu: ukiwa na kidogo cha kumpa mwenzio, mpe. Kidogo! Kila kikubwa walichowahi kunitaka nitoe kiliitwa kidogo.

Nilikuwa nimeshaamua. Nilikuja na jibu langu tayari, siliandiki tena maana halina kazi. Dada ameingia sasa hivi. Kakaa benchi la mbele yangu, magoti yanagusana, kama tulivyokuwa tukikaa kufungana viatu.

Kasema, "Nahodha ameniambia umeshakubali kunipa."

Nikaruka. Nimekubali lini? Wapi? Nani kamwambia?

"Najua hukukubali," kasema. "Kamwambie."

"Kamwambie wewe!"

"Mimi nikimwambia, itabidi niseme na kwa nini."

Ule mkono wa kulia ameubana katikati ya mapaja. Nikamwambia nilimwona, siku ile, nyuma ya banda la mashine. Akasema anajua, mimi siimbagi asubuhi.

Akasema kila wakimwambia okota anashukuru Mungu, na akifika nyumbani anajichukia. Hawezi kukataa. Mtu akikupa, utamwambia nini? Akinyimwa mara moja tu, mbele yao wote, basi, huku kujificha kutakuwa kumeisha. Huenda mpira utaingia. Akacheka kidogo. "Huenda."

Nikamuuliza, na ukikosa?

"Basi wewe ni wa sita, si ndiyo?"

Akasimama, akatoka bila kunipa nafasi ya kujibu. Mlango ameuacha wazi.

Mungu wangu, hasira niliyonayo! Hata hili ni langu? Ateseke yeye, wamfiche wao, halafu wa kuitwa mchawi niwe mimi? Nikimpa, nimekuwa kama wao. Nikimnyima, nitazikwa na jina la yule aliyemnyima dada yake mpira wa mpini, na yeye hatawaambia kuwa ndiye aliyeomba. Najua hatawaambia. Na ukiingia je? Nimeumia bure, na nafasi imekwenda! Kwa nini sikuzaliwa wa kwanza, nikawa mimi wa kuomba?

Naiona ile sarafu kutoka hapa. Majani yamelowa, inang'aa. Dada ameshafika, ameweka mpira, anajipangusa viganja kwenye sketi. Anapangusa tena. Watu wamezunguka kwa heshima zao zote, na miavuli yao.

Nahodha anageuka huku. Ananiita.

Kwa jina langu! Kumbe siku zote alikuwa analijua.