Kichwa cha Danieli na Hasira Niliyoificha

Kambi ya shamba la katani, Voi
Ijumaa asubuhi

Kwa dada yangu mkubwa, Mkawasi,

Nakuamkia kwa heshima, nikiwa nimevua kofia ingawa hunioni. Natumaini barua hii itakukuta umeketi jikoni kwako Werugha, magoti yako yamepata nafuu ya baridi ya ukungu, na yule ng'ombe mwekundu amezaa salama. Sisi huku tunaishi kwa rehema. Niwie radhi kwa kukaa majuma matatu bila kukujibu. Ukweli ni kwamba nimeandika jibu mara mbili nikalichana, kwa sababu halikuwa jibu la mtu aliyelelewa na mama yetu.

Uliniandikia kwamba Danieli haponi kwa kuwa mimi babaye nimeficha hasira moyoni. Ukaniagiza nikae mbele yake, nitie kinywaji kinywani, nitaje uchungu wangu kisha niupulize nje. Yaani nitase, kama wazee wetu walivyotasa. Mimi ni mzee wa kanisa. Nimesimama mara ngapi mbele ya watu wetu nikikemea jambo hilo? Nikajiambia: mwanangu amegongwa kichwa uwanjani mchana kweupe, na watu wa kwetu wanatafuta kosa kifuani mwangu! Nisamehe, lakini nilikukasirikia sana. Sasa nitakueleza yote kwa utaratibu, maana ulizipata habari nusunusu kwa dereva wa lori la mboga.

Siku ya mchezo ule nilikuwapo. Nilikuwa nimeshuka kumtazama Danieli kwa siku mbili tu, nimevaa lile koti jeusi nililolinunua vita vilipokwisha, miaka kumi sasa. Kapteni wa timu ya shamba, kijana aitwaye Festo, karani mwenzake Danieli hapa ghalani, alinipa kiti cha mbele. Mpira ukaja juu, Danieli na beki wa upande wa pili wakaruka kuupiga kichwa, wakagongana. Nilisikia sauti kama ya vibuyu viwili vikavu. Beki alikaa chini akishika paji la uso. Danieli alilala, macho wazi, asitazame kitu.

Festo akammwagia ndoo ya maji, akasema, "Si kitu, ni kizunguzungu tu." Danieli akainuka, akarudishwa mchezoni, watu wakampigia makofi. Jioni alitapika, kisha akaniuliza mama yake yuko wapi. Dada, tumemzika Mshai miaka sita iliyopita. Aliniuliza mara nne. Mara nne nilimjibu, na mara nne alilia kama mtu aliyeipata habari hiyo kwa mara ya kwanza.

Hapo ndipo siku zangu mbili zilipogeuka miezi minne.

Dresa wa hospitali, yule anayetibu na kufunga vidonda, ni mtu mwema. Alinieleza kwa mfano ninaoujua: "Mzee, ubongo ni kama maziwa ndani ya kibuyu. Huyu ametikiswa vibaya. Mwache atulie. Asikimbie, asikae juani, asisome sana. Akigongwa tena kabla hajatulia, usinitafute mimi, mtafute mchungaji." Kwa hiyo nimetundika blanketi dirishani. Garimoshi likipiga honi, Danieli huziba masikio na kuuma meno. Kuna siku alitaka sufuria akalikosa jina lake, akasema, "Baba, nipe kile, kile cha moto," kisha akakipiga teke kibao na kuniita majina ambayo sitayaandika hapa. Baada ya robo saa aliniomba radhi huku akilia. Yule mpole wetu! Mwezi huu, namshukuru Mungu, amepata nafuu. Hutembea hadi bombani kabla jua halijawa kali, huyakumbuka majina ya wote, na wali wangu ulioungua huula kwa kuuteta, jambo ambalo ni dalili ya akili timamu.

Ndipo Jumatano Festo akaja na jezi mkononi. Kesho ni fainali ya kikombe cha bwana mkubwa wa shamba.

"Mzee, hujambo? Nimemfuata mchezaji wetu."

"Sijambo, mwanangu. Mchezaji wenu ni mgonjwa."

"Mgonjwa gani, mzee? Nimemwona bombani leo, anatembea vizuri kabisa!"

"Kuku aliyechinjwa naye hukimbia, bwana."

Akacheka, Dada. Alicheka! Akamgeukia Danieli. "Dani, wenzako wanasema umekuwa mwali, umefungiwa ndani na baba yako. Dakika ishirini tu. Usipige kichwa, simama mbele ya goli tu, wakuone waogope."

Danieli akanyoosha mkono, akaipokea ile jezi.

Nilisimama. Sikumbuki maneno yote, lakini najua nilimwita Festo muuaji, na najua majirani walitoka milangoni. Nilimwambia kwamba yeye ndiye aliyemwinua mgonjwa kwa ndoo ya maji kama mtu anayemwinua punda. Festo akaenda zake. Mimi nikageuka nimnyang'anye Danieli ile jezi, naye akaishika kwa mikono miwili.

"Festo hakuniinua, Baba," akasema taratibu, akitafuta kila neno. "Mimi nilikuwa nataka kulala. Ni wewe uliyeita."

Dada, sikuandika hili katika barua yoyote. Mwanangu alipolala pale chini, watu wote wakinitazama kwenye kiti changu cha mbele na koti langu jeusi, niliona haya. Nilipaaza sauti kwa lugha yetu, nikamwambia inuka, mwana wa Mwakio halali mbele za watu. Naye hakujua goli liko wapi wala siku ni ipi, lakini sauti ya babaye aliijua, akainuka. Nilikuwa nimejiaminisha kwamba hakumbuki. Miezi minne nimepika, nimefua, nimemtukana Festo moyoni asubuhi na jioni, nikidhani hiyo ndiyo hasira yangu yote.

Jana, kabla jua halijapanda, nilimketisha Danieli kwenye kibao. Nilichukua maji, si pombe, na nakuomba tafadhali usimwambie mchungaji hata hivyo. Nikasema: Nimemkasirikia Festo. Nikapuliza. Nimemkasirikia dada yangu kwa kuniandikia ukweli. Nikapuliza. Nimekukasirikia wewe, mwanangu, kwa kutaka kurudi kule. Kisha nikakwama, maji yakanipalia, nikakohoa kama mbuzi. Nikaanza upya: Nimejikasirikia mimi, kwa sababu nilikuinua kwa ajili ya koti langu. Nikapuliza.

Danieli akajifuta uso. "Baba, umenilowesha hadi shati." Akacheka. Sikuwa nimekisikia kicheko hicho tangu siku ile.

Nikamwambia, "Sitakukataza. Ile jezi iko msumarini. Sauti yangu imekwisha kukuinua mara moja. Sitaki ikuinue tena wala ikulaze."

Jumamosi, alasiri

Niliiacha barua wazi, kwa kuwa lori linaondoka jioni hii na nilitaka ulipate neno la mwisho. Sitakudanganya kwamba moyo wangu umetakata. Hasira yangu kwa Festo imebaki, labda maji hayana nguvu za pombe. Alipita asubuhi tena, akasimama mlangoni bila kuingia. Danieli aliitoa jezi msumarini, akaikunja, akampa, akasema, "Nitakuja kutazama mwaka ujao, nikiweza kuvumilia kelele." Festo alitaka kubisha, nami nikamtazama, akaelekea uwanjani na jezi kwapani.

Kama nawe ulinikasirikia kwa ukimya wangu, nakuomba kwa unyenyekevu uchukue maji hapo ulipo, uyapulize upande wa Voi. Msalimie mume wako, na mwambie kabichi zake zilifika bila kuoza. Msalimie mama mkwe wangu mzee, umwambie mjukuu wake sasa analikumbuka kaburi la mama yake. Mpe pole fundi jirani yangu anayenitunzia shamba la matuta. Naomba asamehe kwamba nimemwachia palizi ya msimu wote.

Danieli aliponiona ninatafuta bahasha aliomba kalamu. Yaliyo hapa chini yamemchukua muda wa maharagwe kuchemka. Sikumsaidia herufi hata moja.

Ni mimi mdogo wako mwenye kukosa na kukuheshimu,
Zefania Mwakio

Shangazi, nawasikia wanashangilia. Mimi namenya viazi.
Danieli