Diski za Jumamosi Nyumbani kwa Kina Safi

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Lukumani amerudi. Naandika hivyo kwanza, ili niamini.

Safi ndiye aliyeniambia, sokoni, mbele ya meza yake ya vitambaa. Nilikuwa natafuta nyanya tu. Akanishika mkono. "Yaya Lukumani iko kwangu. Amefika juzi." Vita imemtoa Bukavu. Amepitia Kindu, akapanda mashua mpaka Ubundu, halafu moto, zile pikipiki za kubeba watu, matope mpaka magotini. Kaka yake huyo, mwenye miaka sitini na saba, na begi moja mgongoni.

"Ameuliza juu yako," Safi akasema. "Hajaoga bado, anauliza: Georgette iko muzima?"

Nyanya nimezisahau. Nimerudi na pagne, kitenge nisichokihitaji.

Jumapili, 3 Agosti

Baada ya misa, mvua. Nimekaa barazani peke yangu. Mvua juu ya mabati — na mara nikasikia makofi. Yale makofi.

Niandike vizuri, nisije nikayapoteza. Mwaka wa sabini na nane. Miye na Safi tuko lycée, darasa moja. Kila Jumamosi naenda kwao, karibu na msikiti. Lukumani alikuwa campus, chuo kikuu, kijana mwembamba, shati jeupe. Mwalimu mmoja Mbelgiji wa hesabu alipomaliza mkataba wake alimwachia tourne-disque ya kupigia na sanduku la diski. Rock tupu. Na karibu zote za namna moja: zilizorekodiwa jukwaani, en public, watu wakisikika. Diski mbili mbili katika jalada moja linalofunguka kama dirisha. Ndani picha: moshi, taa, wanaume wenye nywele ndefu kuliko zangu.

Kiingereza hatukujua. Basi tukazipa majina yetu. Ile ya Mvua, kwa sababu inaanza na makofi tu, mengi, kama mvua ikianza juu ya bati. Ile ya Merci — mwimbaji anashukuru baada ya kila wimbo kama mtu aliyepewa chakula. Ile ya Kikohozi: kabla ya wimbo wa polepole, mtu mmoja katika umati anakohoa. Tulimjua yule mtu. Safi alikuwaka anamwambia pole.

Mji mzima ulicheza rumba, na sisi pia tulicheza. Lakini Jumamosi tulilala juu ya mkeka, vichwa karibu na baffle, ile spika, na tulikuwa mahali fulani pamoja na watu elfu nyingi. Binti wa Kisangani, katikati ya kelele za Wazungu! Sikuwahi kujisikia mgeni humo.

Halafu nikapelekwa Kinshasa kusomea ukunga. Lukumani akaitwa na mjomba wake Bukavu, biashara. Hatukugombana. Hakuna aliyesema kitu. Akaoa kule. Nikaolewa na Alexis, mtu mwema, mtu wa ofisi, aliyependa habari za redio na kimya baada ya habari. Sasa mke wa Lukumani amekufa, na Alexis wangu pia.

Jioni Benie amepiga simu kutoka Kinshasa. Binti yangu huyu akipanga, amepanga. Anakuja tarehe ishirini na mbili kunichukua nikaishi kwake. Chumba changu kimepakwa rangi. Nimesema ndiyo. Nilisema ndiyo tangu mwezi uliopita.

Jumanne, 5 Agosti

Nimeenda kumsalimia. Nimevaa ile pagne mpya — bado haijashonwa, nimeifunga tu.

Ndevu nyeupe. Amekonda. Lakini macho ni yale. Alisimama kwa shida, akanipa mikono yote miwili. Hakusema bonjour wala habari. Alisema: "Ile ya Mvua. Upande wa pili."

Nikajibu, "Unaanza na mutu anajaribu micro: alo, alo."

"Njo vile," akasema, akakaa.

Safi ameleta chai. Lukumani akamwuliza diski ziko chumba gani, maana alimwachia yeye sanduku lote alipoondoka. Safi akanitazama. Mwaka wa elfu mbili, zile siku sita za mabomu, majeshi ya kigeni yakipigana mjini kwetu, ukuta wa nyuma ulianguka na chumba kikaungua. Sisi wa hapa tunajua. Yeye alikuwa Bukavu, na katika hesabu ya waliokufa mwezi ule, nani angemwandikia juu ya diski?

Safi akamwambia taratibu. Kwamba zilikunjana, zikashikana, akazitoa kwa koleo. Kwamba alilia kwa ajili ya nyumba, halafu akalia tena kwa ajili ya yule mtu wa kikohozi.

Nilifikiri sasa Lukumani atavunjika: amepoteza nyumba kule, na hapa pia hakuna kitu. Akanywa chai.

"Bon," akasema. "Basi tutazikumbuka."

Jumamosi, 9 Agosti

Leo tumekaa uani kwa Safi mchana kutwa, sisi watatu, tunazikumbuka. Upande kwa upande. Lukumani amechukua beseni la nguo na vijiko viwili: huyo ni mpiga ngoma. Safi ni gitaa, kwa mdomo. Miye ni umati. Nimepiga makofi mpaka viganja vimewaka moto.

Tumegombana pia. Yeye anasema kamba ya gitaa ilikatika katika Ile ya Merci. Miye nasema hapana, Ile ya Kikohozi. "Weye ulikuwa umelala," ananiambia. Nikamwambia sikuwahi kulala pale, hata Jumamosi moja. Safi akainuka ghafla, eti anaangalia moto wa samaki.

Nilimwuliza Lukumani kwa nini tulipenda zile na si nyingine, maana lile sanduku lilikuwa na chache za studio pia, safi, bila kosa. Akafikiri. Akasema ya studio imekwisha kabla haijakufikia. Wamesafisha, wamefunga. Lakini ile ya jukwaani, kamba inakatika na unasikia mutu anatafuta njia. Hajui kama ataipata. Na watu wanamngojea.

"Anaipataka?" nikauliza, kama sijui.

"Kila Jumamosi."

Nimerudi kwa miguu ingawa moto za kubeba watu zilikuwepo.

Jumatano, 13 Agosti

Kitu kimetokea. Malika, binti wa Safi, yule mwalimu, amechoka na beseni letu. "Mama, hizi vitu ziko kwa internet." Lukumani akamtajia jina la kundi, herufi kwa herufi, Malika akaandika katika simu yake, na likatokea jalada. Lile lile! Dogo kama stempu. Safi alifunika mdomo.

Akaunganisha na kibaffle chake. Ile ya Mvua.

Mara ya kwanza nilikasirika. Ilikuwa safi mno. Zile chembe zetu za vumbi hazipo, yale mapigo ya sindano hayapo. Nikasema hii siyo yetu. Lukumani akanyoosha kidole: ngojea.

Diski yetu ilikuwa na mkwaruzo upande wa tatu. Ilifika pale, inarudia neno moja, inarudia, mpaka yeye anainuka, anainua sindano na kuiweka mbele kidogo. Ilikuwa kawaida. Kwetu wimbo ulikuwa vile: unakwenda, Lukumani anainuka, unaendelea.

Leo wimbo ulifika pale na mwili wake ukainuka wenyewe. Nimeuona. Alishika mkono wa kiti, akasimama nusu. Na muziki ukapita.

Hatukuwahi kusikia kilichokuwa pale. Hata siku moja. Vyombo vinanyamaza kimoja kimoja: gitaa, ngoma, hata mwimbaji. Wanabaki watu. Umati wote unaimba peke yake, hauko sawa sawa, wengine wamechelewa, na mwanamke mmoja karibu na micro ana sauti mbaya na hajali kabisa. Halafu ngoma inawarudia.

Tulikaa. Lukumani bado amesimama nusu.

"Kumbe kulikuwa watu humu," akasema.

Malika akauliza kama arudishe. Sisi watatu tukasema ndiyo pamoja.

Jumamosi, 16 Agosti

Lukumani ameniposa, kwa namna yake.

Tulikuwa tunatembea kando ya mto, upande wa kanisa kuu, kabla ya saa sita. Wavuvi walikuwa wanauza samaki kwenye mitumbwi. Amesimama kuangalia mtu anaparua magamba, nami nikafikiri anataka kununua. Akasema bila kunitazama:

"Sitaki uende Kinshasa."

Nikatazama kisu cha mvuvi.

"Miye sina kitu, Georgette. Begi unaliona. Safi amenipa kona ya meza yake, nitauza vitambaa pamoja naye. Weye utasali kwako, miye nitasali kwangu. Tutakutana kwa meza ya kula." Halafu: "Zamani sikusema. Leo nasema."

Mvuvi alikuwa anasikia kila kitu. Ameendelea kuparua, polepole sana.

Nikamwambia Benie anakuja Ijumaa. Akasema anajua. Nikamwambia siyo hapana. Akasema hilo pia amelisikia.

Nimenunua samaki, ilibidi. Mvuvi ameniongezea mmoja mdogo.

Jumatatu, 18 Agosti

Nimempigia Benie, nimemweleza ombi la Lukumani. Kumwambia kabla hajapanda ndege ni heshima.

Nikadhani mtandao umekatika.

"Mama. Ni nani huyo? Mutu ya diski?" Niliwahi kumsimulia alipokuwa mdogo, nilikuwa nimesahau. Halafu yote yakaja pamoja: watu wa parokia watasema nini, wamama wenzangu wa kanisa, yule ni Mwislamu, amekimbia vita, hana nyumba, labda anatafuta nyumba. Yangu.

Hili la mwisho liliniuma. Nikasema: "Kutana naye kwanza."

"Nitakuja Ijumaa," akasema. Akakata simu.

Sikumwambia Lukumani lile la nyumba.

Ijumaa, 22 Agosti

Benie amefika. Mzuri, amechoka, na valizi mbili za safari: yake, na nyingine mpya, tupu, ya vitu vyangu. Ameiweka sebuleni. Tumeipita mchana kutwa kama kiti cha mgeni.

Tumekula bila maneno mengi. Kisha akasimama mbele ya picha ya Alexis.

"Papa alikuwa hapendi kelele."

"Kweli," nikasema. "Na miaka yote ile nilikaa katika kimya chake bila kulalamika, kwa sababu kilikuwa kimya kizuri. Niliishi vizuri na baba yako, Benie. Hakuna anayemtoa pale ukutani."

Akaanza kulia, amenipa mgongo. Akasema Kinshasa nyumba ni kubwa na jioni hana mtu wa kuzungumza naye, mume wake yuko kazini mpaka giza. Amekipaka rangi kile chumba kwa mikono yake. Sikujua hilo. Nilifikiri ananihurumia miye, kumbe ananihitaji.

Nikamshika. Mtoto wangu, nimezalisha wanawake wa mji huu wote, na wangu mwenyewe sikumsikia.

Sijui sasa nifanye nini. Kinshasa miezi ya Krismasi? Yeye kuja hapa Pasaka? Nimeanza kupanga kama yeye.

Kabla ya kulala akasema: "Aje Jumapili. Kula tu. Sijasema kitu."

Jumapili, 24 Agosti

Naandika jikoni, daftari juu ya gunia la makaa. Nikisimama bure nitaenda sebuleni, na nimeambiwa nisiende. "Mama, tuache," Benie amesema, na mlango ameufunga.

Lukumani amekuja saa sita, shati limepigwa pasi na Safi mpaka linasimama peke yake. Amevua viatu mlangoni. Amemsalimia Benie kwa vous, ile ya heshima, kama mtu aliye mbele ya hakimu. Wamekaa.

Lituma ya ndizi za kuponda iko tayari, samaki iko tayari. Pondu, yale majani ya muhogo, nimeichemsha zaidi ya haja yake.

Nimesikia Benie anauliza barabara ya Kindu ilikuwaje. Lukumani anajibu kidogo kidogo. Benie amemwuliza bila kuzunguka: kwa nini mama yangu, na kwa nini sasa. Sauti ya Lukumani ikashuka, sijashika maneno. Nimeweka sikio ukutani kama msichana. Kitu fulani juu ya mkeka. Kitu fulani juu ya "mama yako alikuwa hasinziaki."

Benie amecheka? Au amekohoa. Sina hakika.

Kijiko kiko mkononi na sijui nakishika kwa nini.

Kiti kinasogezwa. Benie anaongea tena, sauti ya kawaida, ile anayotumia na watu wa nyumbani. Anamwuliza kama anakula pilipili.

Sijasikia jibu, mlango umefunguka na Benie ananiita: "Mama, leta pilipili, tunakungojea kwa meza."