Majani Yaliyooga na Kuku

Baba watoto,

Kuku yuko kwenye friji, rafu ya chini. Mtoe saa kumi umpike. Sinki nimelisugua kwa sabuni, na unajua kwa nini.

Ile saladi uliyonifungia ya mchana nimeimwaga. Nimekuona ulivyonuna. Lakini mtu haoshi kuku mbichi kwenye sinki, halafu hapohapo akaloweka majani ya saladi yaliyokuja safi kwenye mfuko. Hukuyaosha yale, umeyaogesha na kuku. Mfuko umeandikwa kwa herufi kubwa kwamba yameshaoshwa, tayari kuliwa. Wewe ukasema mbele ya watoto kwamba huna imani na watu wa kiwandani.

Mume wangu, watu wa kiwandani ni mimi. Ile kofia ya nailoni unayoicheka kila asubuhi, unadhani naivaa kwenda harusini? Majani hayo nayapitisha kwenye maji ya baridi mara tatu, na jioni narudi vidole vimekufa ganzi mpaka wewe ndiye unayenifungulia vifungo vya koti. Hujawahi kujiuliza?

Mfuko mwingine uko rafu ya juu. ~~Ukiuosha tena utalala sebuleni.~~ Ufungue tu, umimine kwenye bakuli kavu, na wewe uwe wa kwanza kula, watoto wakikuona.

Nikifika uwe karibu na mlango. Bado nimekukasirikia, lakini koti halitajifungua lenyewe.

Mama watoto,
mtu wa kiwandani