Sikio la Karanga

Kitengela,
Jumanne asubuhi.

Dada yangu Mbithe,

Pokea salamu zangu na za Wakhungu wangu. Natumaini wewe, shemeji na watoto mko wazima huko Kimana, na kwamba mvua hii haijaozesha vitunguu. Sisi hatuna ugonjwa. Ndoa ina miezi mitatu na siku nne, na bado nikisikia funguo zake mlangoni moyo unaruka kama wa msichana wa kidato cha pili. Nampenda mpaka naona haya kuandika.

Lakini nimekasirika, dada, na nimeanza na wewe. Nani alikutuma uweke ile sauti kwenye grupu ya familia, ukimwita wifi yangu Lorine mchawi aliyekuja kuvunja nyumba yangu? Hata mjomba Ngui, asiyejua kufungua picha, ameisikia! Ndiyo maana nampa dereva wa lori la vitunguu barua hii. Kwa simu ungenikatiza kabla sijamaliza salamu.

Unajua nilikuja hapa na sungura wangu Karanga, na Wakhungu alikuwa na Jenerali wake tangu ukapera. Madume wawili. Siku ya kwanza tuliwaachilia sebuleni tukidhani watapendana kama sisi. Manyoya yaliruka mpaka kwenye sufuria ya chai. Tukawapeleka kwa daktari wa mifugo Kajiado, wakahasiwa wote wawili. Daktari akatuonya kwamba ule ukali hautoki siku ya kisu. Tungoje wiki sita, na hata hapo tusiwakutanishe kwenye kizimba cha mmoja wao.

Basi mume wangu akageuka mwalimu wa sungura. Aliweka nyavu mbili za waya kati ya vizimba, zikiachana kwa upana wa kiganja ili wasing'atane pua. Kila jioni, kabla hata ya kuvua viatu, alihamisha nyasi za huyu kwa yule, wazoee harufu. Aliwapa majani ya dania kwa wakati mmoja, kila mtu upande wake. Alisema siku ikifika watakutana bafuni, kwa sababu huko hakuna aliyewahi kukojoa akapaita kwake, na ni dakika kumi tu, waondolewe kabla hawajakosana. Mbithe, ukimwona mwanaume mwenye mabega yale akimnong'onezea sungura, hutaniuliza tena kwa nini niliharakisha kuolewa.

Lorine alitutembelea Ijumaa ya wiki ya nne ya kungoja. Alicheka akashika mbavu. Alimwambia ndugu yake kwamba kwao sungura ni mboga, na kwamba angekuwa yeye angefungua hizo nyaya wapigane mara moja waheshimiane, kama wao wawili walivyofanya wakiwa wadogo. Nilinuna. Nikasema moyoni, huyu ana mdomo. Nilisahau kwamba mama yao alipofariki, Lorine akiwa na miaka kumi na tano, ndiye aliyemlea huyu mume ninayejivunia.

Jumapili Wakhungu alirudi kutoka kwaya akakuta sikio la Karanga limepasuka na damu kwenye nyasi. Hakuuliza. Alimgeukia Lorine akamwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika, na mwisho akamwambia arudi Rongai, asikanyage hapa tena. Lorine alikana mara moja tu. Kisha akaniangalia. Akaangalia kitambaa nilichofunga mkononi, akachukua mkoba wake akaenda.

Nilipokupigia simu siku ile nilikuambia Lorine ndiye aliyefungua, na kwamba mkono nimejikata nikikata sukuma wiki. Nilikudanganya. Jenerali ndiye aliyening'ata nikiwaachanisha. Mimi ndiye niliyefungua, Mbithe. Mimi.

Nilikuwa nimewaona wamelala wamepeana migongo, kila mmoja ameegemea waya wake, nikaona mapenzi yameiva. Lorine alikuwa nje anaanika nguo. Nilitaka Wakhungu aingie awakute pamoja, nimpige picha anavyofurahi. Nikamtia Karanga kwenye kizimba cha Jenerali, nyumbani kwa mwenyewe kabisa, kile kile daktari alichokataza! Na mume wangu alipoanza kufoka, nilisimama pale nimemficha mkono.

Nakukasirikia kwa sababu uliniamini upesi. Lorine namkasirikia kwa sababu alinisitiri, wakati nilikuwa nimemsema moyoni siku mbili nzima. Hasira zilizobaki ni zangu mwenyewe.

Jana nilimwambia Wakhungu. Aliuliza jambo moja: niliwezaje kumwangalia dada yake akitoka mlangoni vile. Chai yake ilipoa. Kisha akainuka, akahamisha nyasi kama kawaida, akasema wiki sita zinaanza upya. Na Jumamosi tutaonana na Lorine, si kwake wala kwetu, bali hotelini Kiserian. Tutakula, tutaomba msamaha, tutaondoka kabla mtu hajapandisha sauti. Nilichukia kufanywa sungura, nikamwambia hivyo. Akanijibu kwamba sungura hawasingiziani.

Nitaenda. Na kabla barua hii haijakufikia nitakuwa nimeweka sauti yangu kwenye grupu, niseme ukweli wote. Usiifuatishe na yako, tafadhali.

Nisalimie shemeji, uwabusu watoto. Sikio la Karanga linapona, lakini pengo litabaki.

Mdogo wako,
Mutheu, bado mke wa Wakhungu.